Kinanda cha Gurudumu Nilichomtengenezea Baba

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa fundi kijana katika kiwanda cha mbao upande wa Molo, baba aliniambia neno ambalo sijalisahau hadi leo. Ilikuwa miaka ya hamsini. Msumeno wa pale pale kiwandani ulikuwa umemkata vidole vya mkono wa kulia, akabaki na kidole gumba tu.

Baba alikuwa mpiga shiriri, ile fidla yetu ya uzi mmoja inayosuguliwa kwa upinde, tuliyokuja nayo kutoka kwetu magharibi mwa Kenya. Kwetu mzee hakuzikwa kimya. Nduguye wa damu alimpigia shiriri kaburini, la sivyo watu wangesema amezikwa kama mgeni. Na baba mkubwa alikuwa amelazwa hospitalini Nakuru, hali yake mbaya. Baba hakuweza tena kushika upinde. Hakulalamika, ila chakula kilimshinda.

Nami niliwahi kumwona Mwitaliano mmoja, mwashi, akipiga kinanda chenye gurudumu ndani. Ukizungusha mpini kwa mkono wa kulia, gurudumu linasugua nyuzi badala ya upinde, na wa kushoto unabonyeza nyuzi. Nikasema dawa ndiyo hii. Nikachonga gurudumu la mtarakwa mbichi. Likakauka, likapinda, sauti ikawa inakuja na kukatika. Nikachonga jingine kwa ubao wa mlango wa zamani, nikalipaka utomvu mkavu wa mti ili lishike nyuzi, nikatia nyuzi za waya wa breki ya baiskeli. Mpini niliutengeneza mwembamba, wa kupendeza. Baba sikumwambia kitu. Nilitaka kumshangaza, ujana bwana.

Nilipompakatisha kile kinanda, aliushika mpini ukamponyoka. Akajaribu tena, ukamponyoka. Mama akainuka akaenda jikoni.

"Hiki umemtengenezea baba yako wa zamani," baba akasema polepole. "Mimi wa sasa hujaniuliza."

Iliniuma sana, kwa sababu ilikuwa kweli. Tangu ajali, nyumba nzima tulikuwa tukiukwepa ule mkono kwa macho. Chai tulimwekea upande wa kushoto na kujifanya hatukuona lolote.

Nikaketi chini nikamwomba anipe mkono wake. Sikuwa nimeugusa tangu uumie. Nikamuuliza wapi panauma, wapi pana nguvu. Akaniambia nguvu imebaki kwenye kiganja. Nikampa udongo aufinye, kisha nikachonga mpini mwingine kwa umbo lile lile lililoachwa na kiganja chake, mnene kama kiazi na mbaya wa kutazama.

Baba mkubwa alipofariki, baba aliketi kando ya kaburi akazungusha. Sauti ilikwaruza, lakini ilikuwa yake, na waombolezaji wote waliitambua. Alimlilia nduguye huku akizungusha, na mpini haukumponyoka.

Basi, mwanangu, ukitaka kumsaidia aliyeumia, usitangulize ufundi wako. Kaa naye, patazame palipoumia, umuulize leo anaweza nini. Ukiona haya kumuuliza, haya hiyo ni yako, si yake. Mungu akubarikie kazi ya mikono yako, na siku utakapopungukiwa wewe, akuletee mtu atakayekuuliza.