Mama Mkwe Chini ya Paa la Liège

Sanduku langu lilijaa masweta. Nilikuwa nakwenda Ulaya mwezi wa saba, na kwetu Kolwezi, kusini mwa Kongo, mwezi wa saba ni wa kipupwe: asubuhi tunatembea tumeficha mikono kwapani, na akina mama wauza mikate wanajifunga blanketi mabegani. Nikawaza, ikiwa huku tunatetemeka hivi, huko kwenye theluji itakuwaje? Mke wangu akaongeza soksi nzito. Hakuna aliyetuonya, maana watu wa kwetu hawaamini kwamba Ulaya kuna joto. Ukimwambia mtu wa Kolwezi kwamba Mzungu amezimia kwa joto ndani ya nyumba yake, atakuuliza kama alikuwa analala kwenye tanuri.

Nilikwenda kupasuliwa jicho. Mimi ni karani katika kampuni ndogo inayohudumia machimbo, na kampuni ndiyo iliyopanga matibabu huko Liège, Ubelgiji. Malazi yalikuwa yamekwisha kupangwa na desturi. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, anaishi Liège, na kama ndugu yako anakaa mji fulani huwezi kwenda kulala hotelini. Ni tusi, na litazungumzwa kwenye kila msiba mpaka uzeeni kwako.

Tatizo lilikuwa moja, nami nililijua kabla ya kupanda ndege. Mama mkwe wangu alikuwa anaishi humo humo. Baba mkwe alipofariki, shemeji alimtoa mama yake Lubudi akamchukua akae naye. Na kati yangu na mama mkwe kulikuwa na ukwe ambao haujafunguliwa. Kwetu mkwe wa kiume hali chakula pamoja na mama wa mke wake, hamtazami usoni, hasimami mbele yake kifua wazi, na hawalali chini ya paa moja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini hadi mwenzake apite. Akilazimika kumwambia neno na hakuna mtu wa kati, anauambia mlango, na mama anaujibu mlango. Hiyo si chuki, ni heshima, na ina dawa yake: mkwe analeta mbuzi, mama anapika, wazee wa pande mbili wanakaa, na mkwe anaingizwa. Tangu hapo wanaweza kukaa meza moja na hata kutaniana. Mbuzi wangu alichelewa. Kwanza kazi, halafu barabara mbovu, halafu msiba wa baba mkwe, halafu mama akasafiri. Tulikuwa tunasema tutafanya akirudi, na kila mtu aliridhika na jibu hilo, mimi zaidi ya wote.

Shemeji alicheka nilipomkumbusha kwenye simu.

"Yaya, huku ni Bulaya," alisema, akiniita kaka kwa Kiswahili cha kwetu. "Bukwe ilibakia kule. Salon iko, kitanda iko. Unataka ulale mu barabara?"

Nyumba yake iko ghorofa ya juu kabisa, chini ya paa, katika jengo la matofali mekundu. Sebule, ile salon yake, iko upande usiopigwa na jua, nayo nilipewa mimi, kwa sababu mgeni hupewa penye nafuu. Chumba cha mama kilikuwa upande wa pili. Dari yake imeinama pamoja na paa, na dirisha limetobolewa kwenye paa lenyewe, likatazamana na jua tangu asubuhi. Kutoka chumba hicho kwenda jikoni au chooni hakuna njia ila kupita sebuleni. Niliyaona hayo yote siku ya kwanza na sikuyafikiria.

Nilipasuliwa, nikafungwa kitambaa jicho la kushoto, nikaambiwa nikae ndani mahali penye giza giza, mbali na jua na vumbi. Siku chache baadaye joto likaja.

Watu wa Liège walilipokea kama sikukuu. Redioni waliliita hali nzuri ya hewa. Shemeji alinionyesha bustani kutoka dirishani: watu wazima wamelala kwenye nyasi mchana kweupe, nusu uchi, wamejianika kama dagaa. Siku ya tatu furaha ilipungua, na bibi wa ghorofa ya chini yetu, mjane mwenye nywele fupi nyeupe, akapanda ngazi kuja kutufundisha. Kukipambazuka tufunge madirisha na kushusha vifuniko vyake vya mbao, tusifungue hata kidogo mpaka jua lizame. Tulowanishe shuka tuzitundike mlangoni. Tuweke miguu kwenye beseni. Nikamuuliza kwa nini jengo zima halina kiyoyozi hata kimoja.

Alinitazama kana kwamba nimeomba kuchinja mbuzi kwenye ngazi. Kiyoyozi, alisema, ni kitu cha maduka makubwa na cha Waamerika. Kinaleta kikohozi, kinakula umeme, kinaichoma dunia nzima ili mtu mmoja apoe, na kinaharibu uso wa jengo. Na joto lenyewe ni la siku chache tu. Ndivyo wanavyoliona huko: ni mgeni ambaye hakualikwa, ukimnyima kiti ataondoka mwenyewe.

Alipoondoka nilicheka mpaka jicho likauma. Kwetu Kolwezi ukubwa wa mtu unapimwa kwa baridi ya ofisi yake. Mkubwa wetu huvaa koti mwezi wa kumi, watu wanapotafuta kivuli barabarani, na anayeingia kumwomba ruhusa hutetemeka kwa heshima na kwa baridi pamoja. Siku nilipofunga kiyoyozi sebuleni kwangu, majirani walikuja kukaa mbele yake kama watu waliokuja kumwona mtoto mchanga. Nikajisemea kwamba shaba iliyomo ndani ya mitambo hiyo inachimbwa kwetu, na hawa wanaona haya kuitumia. Nilijiona mjuaji kweli. Nikamwambia shemeji nitatafuta kimoja, hata kidogo, kiwekwe chumbani kwa mama.

"Yaya, wacha," alinijibu. "Batu ba hii nyumba batasema mbaya. Kila mwaka tunapitaka mu joto, inaisha."

Nikawacha. Ilikuwa rahisi kuwacha, sebule yangu ilikuwa na nafuu.

Shemeji anahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, anatoka alfajiri na kurudi jioni. Mchana tulibaki wawili, mimi sebuleni na mama chumbani. Hapo mwanzo mama alikuwa anatoka mara chache, kitenge kimefunika nusu ya uso, nami nageukia ukuta mpaka apite. Tuliweza. Halafu ile siku ya tatu joto likanishinda, nikavua shati, nikajilaza kwenye kochi kifua wazi na tumbo langu lote nje. Mlango wa mama ukafunguka. Nilimsikia akivuta pumzi, kisha mlango ukafungwa taratibu, taratibu sana, kama unavyofunga mlango wa chumba chenye mgonjwa.

Nilivaa shati haraka, nikafunga vifungo vyote hadi shingoni. Haikusaidia kitu. Tangu hapo hakutoka tena mchana. Asubuhi shemeji alimwachia chakula na chupa kubwa ya maji, na mlango ukakaa umefungwa mpaka jioni aliporudi. Nilisikia kitenge kikipunga hewa kule ndani, pwa, pwa, pwa, kikinyamaza, kikianza tena.

Siku iliyofuata nilisimama karibu na mlango wake, nikautazama mlango.

"Mlango," nilisema, "mwambie mama kule ndani kuna moto. Aje akae sebuleni, mimi nitakaa kwenye ngazi."

Sauti yake nyembamba ikasema, "Mulango, ambia mukwe asisumbuke. Jicho yake iko mugonjwa, asitoke. Mi niko muzuri."

Nikarudi kwenye kochi. Nataka niseme ilivyokuwa: nilifurahi. Nilisema moyoni, huyu ndiye mama wa kweli, bado anajua heshima hata huku. Niliisifu heshima yake nikiwa nimelala penye kivuli. Ningeweza kwenda kukaa kwenye ngazi bila kuomba ruhusa ya mlango wala ya mtu, kule hakukuwa na jua wala vumbi. Lakini ngazi ni za mawe, kochi ni laini, na alikuwa amekwisha kusema yuko mzuri. Nikalala usingizi.

Kesho yake mchana bibi wa chini akapanda na bakuli la barafu. Redio ilikuwa imewaambia watu wawatembelee wazee, na yeye, mzee mwenyewe, alikuwa anatembelea. Aliuliza mama yuko wapi. Nikaonyesha mlango. Akaniuliza tangu saa ngapi, nami nikaanza kuhesabu siku. Hakubisha hodi. Alifungua, na hewa iliyotoka humo ilinifikia pale nilipokaa, ikanipiga usoni.

Mama alikuwa sakafuni, ameegemea kitanda. Alikuwa amevaa blauzi ya mikono mirefu, vitenge viwili na kilemba, kama mwanamke anayekwenda kwa wakwe. Chupa ya maji ilikuwa pembeni yake, imejaa, kifuniko hakijafunguliwa. Haya nayajua kwa sababu bibi aliyasema kwa sauti, moja moja, huku akipiga simu. Mimi sikuangalia. Watu wa ambulensi walipompitisha sebuleni kwenye machela, niligeuka nikatazama ukuta kwa jicho langu moja. Hata wakati ule. Mwili wangu ulijigeuza wenyewe, na mpaka leo sijui kama nilimheshimu au nilimkimbia.

Shemeji alirudi jioni kutoka hospitali, uso umevimba. Alisema mama ataishi, wanamtia maji mshipani. Akakaa kwenye ukingo wa kochi, mkoba bado begani.

"Hakunywa maji tangu juzi," alisema. "Mangaribi nikimupatia, anagusisha mudomo tu, anasema alishakunywa muchana. Mi nilimwamini. Na mi njo kazi yangu, kunywesha bazee."

"Juu ya nini hakunywa?"

Akavuta uzi kwenye mkanda wa mkoba.

"Alisema akikunywa, atatafuta choo. Na choo, ni kupita mbele ya mukwe. Njo maana alikatala."

Nilikitazama choo. Mlango wake ulikuwa hatua chache kutoka kichwani kwangu, nami nilikuwa nakwenda humo kila nilipotaka, nimeshiba maji ya barafu. Nilikuwa nimetafuta kosa kwenye jengo, kwenye Wabelgiji na vifuniko vyao vya mbao, kwenye haya yao ya kutumia mashine. Kumbe hata ningeweka kiyoyozi chumbani kwa mama, angepoa, na bado asingekunywa. Kilichomfungia kule ndani kilikuwa ni mimi.

Nilifunga sanduku langu la masweta. Shemeji hakunizuia. Alishuka kumweleza bibi wa chini, akarudi na ufunguo. Yule bibi aliyekataa kiyoyozi alikuwa amenipa chumba chake cha nyuma, mimi mtu asiyemjua. Nadhani hakuelewa ukwe hata kidogo. Aliniuliza jambo moja tu, kwa nini hatukumwambia, kwa kuwa chumba kile kilikuwa kitupu siku zote hizo. Kwetu tungemwambia jirani siku ile ile ya kwanza, na ningelala kwake bila mtu kushangaa. Ila tulidhani Wazungu hawaombwi mambo kama hayo.

Mama aliporudi kutoka hospitali, joto lilikuwa bado halijaondoka. Nilikuwa nimekaa jikoni kwa bibi, vifuniko vimeshushwa, yeye akimenya viazi. Juu yetu nikasikia nyayo. Zilikuwa nyepesi, zinaburuta kandambili, zikatoka upande wa chumba cha dirisha la paa, zikapita sebuleni pole pole bila kusimama, zikafika jikoni. Bomba likafunguliwa. Baada ya muda nyayo zikaenda upande wa choo, na maji yakashuka ndani ya ukuta, karibu na bega langu.

Bibi akainua kisu chake kidogo kuelekea dari, akasema, "Anakunywa."

Daktari alikuwa amenikataza kulia kwa ajili ya jicho. Nilijitahidi kumtii.

Sasa ni mwezi wa kumi, mvua zinakawia, na Kolwezi inawaka. Mbuzi yuko uani kwangu. Nilimnunua wiki niliyorudi, bila kumngoja mtu, na anazidi kunenepa kwa kuwa mama hapati nafasi ya kuja mpaka mwakani. Mke wangu anasema nitamchosha mnyama kwa kumtembelea kila asubuhi. Kiyoyozi kiko pale pale sebuleni. Ninakiwasha, sitadanganya, lakini siwezi tena kulala mbele yake.

Jumapili iliyopita mke wangu alikuwa barazani akizungumza na mama yake kwa simu, nami nilikuwa ndani, mlango uko wazi. Walizungumza habari za Lubudi, za bei ya unga, za baridi iliyoanza Liège. Kisha mke wangu akasikiliza, akanigeukia.

"Mama anasema umusamehe," aliniambia. "Anasema ulikuwa mugeni wake, mugonjwa, na yeye alikufukuza mu salon ukaenda kulala kwa Bazungu. Anasema hiyo haya haimutokake."

Nilisimama. Nilitaka kusema mengi, na hakuna hata moja ambalo mkwe anaruhusiwa kumwambia mama wa mke wake kabla ya mbuzi. Nikausogelea mlango, nikaweka mkono juu ya mbao zake.

"Mlango," nilisema, "mwambie mama anywe maji."

Mke wangu aliinyanyua simu, akaileta karibu na mlango.