Mtaro Uliokosa Rangi

Mimi ni fundi cherehani, na dirisha langu linatazama nyua mbili kwa mpigo. Anayedhani fundi haoni kitu kwa kuwa kainamia sindano, huyo hajawahi kushona. Naona yote, kwa hiyo habari za Bi Rangi naweza kuzisimulia bila kuazima macho ya mtu.

Bi Rangi ni mtia rangi vitambaa. Anakifunga kitambaa mafundo kwa uzi, anakichovya kwenye pipa la rangi, anakisuuza, anakifungua, na maua yanajitokeza. Mikono yake ni ya buluu hadi kwenye viwiko; ukimpa mkono asubuhi utashinda na alama yake. Ni mwepesi wa kucheka na mzito wa kuomba radhi, na huo uzito ndio uliotuletea balaa.

Jirani yake ni dobi, tunamwita Bi Povu. Walikuwa chanda na pete. Kwenye ua wa mbao unaowatenganisha waling'oa ubao mmoja ili wapitishiane chai, na pengo lile lilikuwa na shughuli kuliko duka langu.

Kisha ikanyesha. Mtaro unaotoka kwa Bi Rangi unapita kwa Bi Povu. Ukafurika, na maji ya rangi yakapanda hadi kwenye nyasi alikoanika mashuka meupe ya nyumba ya wageni. Yalipokauka yalikuwa ya zambarau, tena zambarau ya kupendeza, jambo ambalo Bi Rangi hakupaswa kulisema kwa sauti. Alilisema.

"Unanicheka?" Bi Povu akawaka. "Wewe na hizo rangi zako, usinisemeshe tena!"

Jioni ile ubao ulirudishwa na kugongelewa misumari. Nyundo ilikuwa yangu. Sikuambiwa inakwenda kufanya nini.

Bi Rangi alijifanya hajali, lakini alikuwa anaumia, nilimwona. Asubuhi alimimina vikombe viwili kwa mazoea, akabaki amesimama na kile cha pili mkononi, akiutazama ubao. Chai ikapoa. Kuomba radhi hajui, akaamua mtaro ndio umwombee.

Akampigia simu binti yake, anayefanya kazi kwenye mitambo ya kusafisha maji. Bi Rangi huongea na simu kama mtu aliye ng'ambo ya mto, kwa hiyo sote tulisikia.

"Nichome maganda ya karanga? ... Niyachome lakini yasiungue? Mwanangu, umelala vizuri kweli?"

Maganda aliyapata bure sokoni, gunia zima. Wauza karanga walimshukuru kwa kuwaondolea takataka. Akayatia kwenye debe, akawasha moto, akakaa kando akijipepea. Debe aliliacha wazi. Maganda yakawaka kwa raha zao, yakabaki majivu. Akapitisha maji ya rangi humo, yakatoka na rangi ile ile, na tope juu yake. Akatoa tusi ambalo sitaliandika, nina wateja wa heshima.

Kumbe moto ule unatakiwa unyimwe hewa. Mara ya pili alilifunika debe kwa mfuniko wenye tundu dogo la kutolea moshi, akalizungushia moto kwa nje, na maganda yakaiva humo ndani taratibu hadi yakawa makaa meusi, mepesi, ya kuvunjika kwa kidole. Akayaosha vumbi. Akatoboa pipa kwa chini, akapanga kokoto, mchanga, makaa na mchanga tena, kisha akamimina maji ya buluu juu. Mimi niliacha suruali ya mtu ikiwa na mguu mmoja, nikaenda kutazama.

Yalidondoka meupe. Si ya kunywa, binti alikazia sana hapo, lakini ungeweza kuona hadi kitako cha ndoo. Rangi yote ilikuwa imeng'ang'ania kwenye makaa. Bi Rangi akapiga kelele, akanikumbatia, na shati langu hadi leo lina viganja viwili mgongoni. Nyekundu ilikuwa mbishi, ikabidi ipitishwe mara mbili. Na makaa yakishashiba rangi hayana kazi tena, unaweka mengine, basi kwa Bi Rangi kuchoma maganda kukawa kazi ya kila siku kama kupika.

Nikamwambia, "Nenda basi ukamweleze mwenzako."

"Ana macho, ataona," akajibu, kidevu juu.

Aliona, ila aliona mengine. Siku zikapita mtaro ukitiririsha maji meupe, na asubuhi moja Bi Povu akaingia kwa Bi Rangi mbio, povu limemjaa hadi mabegani, macho mekundu.

"Unaumwa? Au umefunga kazi kwa sababu yangu?"

Bi Rangi alikuwa amechuchumaa mbele ya pipa la kijani. "Nani kakwambia?"

"Mtaro! Ukiwa mwekundu najua umepata kazi ya harusi. Ukiwa mweusi najua kuna watu wamefiwa, na wewe umeinama tangu alfajiri, mgongo unakuuma. Hata nilipokununia nilikuwa nachungulia kila asubuhi. Nikiona rangi nasema haya, mzima yule. Sasa siku zote hizi hakuna kitu!"

Bi Rangi akainuka. Akachota maji ya kijani, akayamimina kwenye pipa la makaa, na chini yakaanza kudondoka meupe. Bi Povu akachovya kidole, akakifuta kwenye upindo wa gauni lake jeupe, akatazama. Hapakuwa na alama.

"Umefanya yote haya kwa ajili ya mashuka?"

"Mashuka aliyafua nani?" Bi Rangi akaweka ndoo chini. "Nisamehe, mwenzangu. Sikupaswa kuyasifia."

Bi Povu akacheka huku analia, akajitupa juu ya gunia la maganda. Kisha akakunja uso.

"Lakini sasa nitajuaje kama umeamka mzima?"

"Utaniuliza."

"Nitakuuliza kupitia wapi, na ubao ule?"

Wakatazamana. Muda si muda Bi Povu alikuwa dirishani kwangu, mkono ameunyoosha. Nyundo nilikuwa nimeshaishika.