Tairi ya Ndani

Lori la majani chai lina tairi mbilimbili nyuma, kila upande, zimebanana kama ndugu wanaolala kitanda kimoja. Ya nje kila mtu anaiona. Ya ndani, hata uinamishe shingo namna gani, utaona giza na matope tu. Ukitaka kuipima upepo lazima upitishe mkono kwenye tundu la rimu ya nje, uitafute vali kwa vidole, kisha ubandike geji mahali usipopaona. Mkono unatoka na uchafu mpaka kwenye kiwiko. Mimi nilikuwa dereva bwana, na nilijiona mkubwa mno kwa kazi hiyo.

Aliyeifanya ni utingo wangu, mzee aliyenipita miaka ishirini hivi. Nilimwita Mogaka, yaani mzee, naye aliniita Dereva, ingawa angeweza kunizaa. Asubuhi kabla hatujatoka Ikonge, na tena kabla ya mzigo wa mwisho, alitandika gunia chini akalala chali, akazipima zote nne za nyuma. Ya ndani ikiwa imepungua, tulipita kwa fundi mwenye kompresa, na Mogaka alisimama hapohapo mpaka upepo ulingane.

"Moja ikilegea," alizoea kusema, "mwenzake anabeba mzigo wa wawili. Atapasuka tu."

Nilimcheka. "Mogaka, unaipapasa hiyo tairi kama mkunga!" Njia yangu ilikuwa nyepesi: kipande cha nondo. Gonga ya nje, ikilia vizuri, panda twende. Madereva wengi wa huku ndivyo tunavyofanya, na siku nyingi tunafika salama. Hilo ndilo linalotuharibu.

Ijumaa moja majani yalichelewa kwenye kituo cha chai cha Nyaramba. Mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa, wakulima wakafika wamechelewa, na karani akayapima polepole kana kwamba kesho haipo. Jua likaanza kushuka. Mimi na Mogaka ni Wasabato, na jua la Ijumaa likizama unatakiwa uwe umeshaoga, umeketi na watu wako, mnafungua Sabato kwa wimbo. Saa hiyo kwetu kila mtu anakimbia. Tena wiki hiyo nilikuwa nimechaguliwa shemasi. Nipite mbele ya kanisa nikinguruma na lori, watu wakiwa wanaimba? Thubutu!

Nilikwisha gonga ya nje kwa nondo nilipomwona Mogaka anatandika gunia lake.

"Acha hiyo, panda twende."

"Ya ndani sijaipima, Dereva. Asubuhi ilikuwa imepungua, na fundi hakuwa na stima ya kuijaza."

"Kwa hivyo unataka tuvunje Sabato kwa sababu ya upepo?"

Mtu mcha Mungu ukimtajia Sabato huacha kila kitu, na mimi nilijua hivyo, ndiyo maana niliitaja. Alikunja gunia, akapanda nyuma juu ya majani kwa sababu karani alikuwa ameketi kwenye kiti chake. Na tafadhali usinitajie ile ya haraka na baraka. Naijua. Hata siku hiyo niliijua.

Kwenye mteremko kabla ya Ikonge, ya nje ilipasuka. Lori likainama upande wa kushoto, likaingia mtaroni. Mimi na karani tulitoka na mikwaruzo. Mogaka tulimkuta ukingoni mwa shamba la chai, paja limevunjika, na bado alikuwa anatuuliza kama sisi ni wazima.

Hilo lilikuwa kosa, na kosa ningeweza kulibeba. Kilichofuata ndicho kinachoninyima usingizi. Siku ya tatu, hospitalini Kisii, tajiri mwenye lori alikuja kumwona. Mke wa Mogaka alikuwa amesimama pale na chupa ya uji.

"Nani alikagua tairi?" tajiri aliuliza.

Karani hakuwapo, na hata angekuwapo, hakuwa amesikia maneno yetu. Mdomo wangu ukajibu, "Kazi ya tairi ni ya utingo."

Tazama ujanja huo! Hamna neno la uongo ndani yake. Mogaka aligeuza kichwa akanitazama, si kwa hasira. Afadhali ingekuwa hasira.

"Ni kweli," alisema. "Ni kazi yangu."

Baadaye, tulipobaki wawili, nilimuuliza kwa nini. "Wewe una watoto wadogo," aliniambia. "Wangu wameshaoa." Alitoka hospitalini na mkongojo, hakupanda lori tena. Mimi nilibaki na lori langu na ushemasi wangu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa miaka mitatu. Kila Sabato baada ya ibada nilienda kumtembelea, na mkewe alinipokea kwa chai ya maziwa. "Karibu, mwanangu. Huyu alitaka kukuua kwa uzembe wake, na bado unamjia!" Halafu alimgeukia mumewe: "Miaka yote hiyo unashika tairi, ukashindwa siku moja tu?" Mogaka aliutazama mkongojo wake. Mimi nilipuliza chai yangu nikanywa. Mungu anisamehe, wakati mwingine niliomba niongezewe.

Sabato moja mwezi uliopita Mogaka alikuwa ametoka nje kidogo. Mkewe akanimiminia chai, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, siku hizi hata maombi yake siyaitikii. Mtu aliyetaka kuua wenzake ataniombea nini?"

Niliweka kikombe mezani.

"Mama, alitaka kuipima ile tairi. Alikuwa ameshatandika gunia. Mimi ndiye niliyemkataza, na hospitalini nikamsukumia lawama."

Hakupiga kelele. Aliketi, akanyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na mkunjo. Nje tulisikia mkongojo ukigonga mawe, Mogaka akirudi polepole.

"Siku zote nikimtukana hapa," aliuliza, "ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa nasikia, Mama."

Aliinuka, akakiondoa kikombe mbele yangu kikiwa bado nusu, akaenda kusimama mlangoni kumngojea mumewe. Hakugeuka kunitazama.

"Miaka mitatu umekunywa chai yangu, dereva."