Spika ya Mlango wa Dereva

Shemeji yangu, mume wa dada ninayeishi kwake, aliendesha gari la mikate mpaka akastaafu, na hakuwahi kukwangua hata bampa. Habari hiyo alimpa kila aliyekaa karibu naye, atake asitake. Macho yalipomgeuka, yakamgeuka vibaya: mbele anaona vizuri, pembeni giza tupu. Daktari akasema ni presha ya macho, na asiendeshe gari tena. Ukimshika mkono umvushe barabara, anauchomoa.

"Nishike nikishakuwa kipofu, shemeji. Sasa hivi unanitia aibu."

Gari lake dogo lilikuwa mboni ya jicho lake, anisamehe kwa kusema hivyo. Tulikubaliana liende kwa mkwe wake, anayeishi mbali. Hakubisha. Aliomba amalizie kwanza spika, maana alikuwa ameanza kutengeneza vibweta vya faiba vya kuwekea spika milangoni kwa mikono yake, juu ya meza yetu ya chakula.

"Siwezi kumpa mtoto wa watu gari nusunusu," alisema. Mkwe akacheka, akasema atasubiri simu.

Kazi yenyewe iko hivi: unakata pete ya mbao, unaisimamisha kwenye ubao wa mlango ikielekea sikio la dereva, unavuta kitambaa juu yake mpaka kikaze, kisha unakipaka rezini. Rezini ni nzito kama asali na inanuka balaa, na bila matone ya dawa ya kukaushia haigandi ng'o. Kibweta cha mlango wa abiria alikimaliza kabla hajaenda kwa daktari, na kikatoka safi, kigumu kama jiwe. Cha mlango wa dereva kikakataa kukauka. Anapaka leo, kesho kinanata. Anabandua kitambaa, anavuta kingine.

"Nimekosea kipimo," anasema. Mara nyingine, "Dawa hii feki."

Feki wapi! Chupa ilikuwa ileile ya kibweta cha kwanza, na dawa haikuwa ikipungua. Nyumba ilinuka mpaka mito ya kulalia, dada akawa anakohoa, lakini tulivumilia. Tulijua anachokikawiza, na roho zilituuma.

Tatizo, ufunguo ulikuwa bado mfukoni mwake. Asubuhi moja alitoka na gari kwenda kununua msasa, "hapo tu dukani". Aliporudi, kioo cha pembeni, upande wa kushoto, kilikuwa kinaning'inia kwa waya.

"Umegonga nini?" dada akauliza.

"Wapi?"

Hakuwa anatania. Dada akaifuata njia yote kwa miguu hadi dukani, akichungulia kila mahali, mpaka alipoiona nguzo iliyochubuka. Nguzo tu, si mtu. Alirudi akakaa jikoni akalia kwa sauti.

Mchana ule shemeji alimimina rezini kwenye kopo la maziwa, akaenda uani kutafuta brashi. Dada akainuka, akachukua chupa ya dawa, akaiminya koponi, akakoroga, kisha akarudi kukunja nguo. Hakunitazama.

Shemeji akaja, akaanza kupaka polepole kama kawaida yake. Sasa, rezini ikipata dawa hupata na joto. Nilimwona anasita, anahamisha kopo mkono huu na huu. Akalitazama, kisha akamtazama mkewe. Dada alikuwa amelishika shati lake la kazi, lile la mikate, na alikuwa halikunji. Shemeji angeweza kwenda kulimwaga kopo lile nje. Mimi, kusema kweli, nilitamani alimwage.

"Mama watoto," akasema, "niletee brashi nyingine. Hii itanigandia."

Akaletewa. Akapaka haraka haraka, bila kuacha kipovu hata kimoja, fundi haswa, mpaka kopo likaisha. Akapangusa vidole, akatoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani.

"Mwambieni mkwe aje."

Mkwe alikuja, akazisifu spika mpaka akapitiliza. Tulipomsindikiza nje, shemeji akamwambia afungulie muziki, asiogope, zitamudu. Gari likaondoka na mdundo wake mzito, likakata kona, kukawa kimya.

Dada akamshika mkono kumrudisha ndani, maana upande wa kushoto wa lango letu kuna mtaro. Safari hii shemeji hakuuchomoa mkono wake.