Mwalimu Athumani, aliyenichukulia Nyambura akampeleka chini ya bahari

Marafiki zangu wa hapa, akili yangu bado inakataa. Mwalimu Athumani ametuacha. Juzi tu alinitumia voice note akinicheka ati Kiswahili changu kikifika pwani kinatoka jasho. Sasa naambiwa ni marehemu.

Kwa wale hamumjui, huyu ndiye alifundisha Nyambura wangu kuzamia. Ndiyo, Nyambura yule yule wa Wamagana, ambaye siku hizi anaongoza wazungu chini ya bahari. Niambieni nani mwingine hapa Tetu ako na mtoto kama huyo. Nimeuliza mpaka Kerugoya, hakuna.

Na kabla mtu aanze kusema ati bahari imemmeza, hapana. Moyo ulisimama akiwa nyumbani kwake Mombasa, amekaa kwa kiti, anangoja chai.

Nyambura alienda huko kama mpishi. Alipata kazi kwa boti ya watalii wa kuzamia, ile wageni wanalala humo humo wiki nzima, wanapelekwa kutoka matumbawe haya mpaka yale, hadi upande wa Pemba. Mwalimu ndiye alikuwa anashuka na wageni. Akaona huyu msichana akimaliza vyombo anajirusha majini. Akamwambia, "Wewe huko jikoni umepotea njia."

Nyambura akanipigia simu kuomba ruhusa. Nikakataa kabisa. Mtoto niliyemlea kwa shida, ashuke chini ya bahari na mtungi kwa mgongo? Nikakata simu.

Sasa mnajua Mwalimu alifanya nini? Alipanda huku na mke wake, Mama Rukia. Mwezi wa saba! Baridi ile yetu, na yeye amevaa shati ya mikono mifupi. Nikamfunika na blanketi kama mtoto mchanga.

Shemeji zangu waliposikia kuna wazee wawili kutoka pwani wanauliza nyumbani kwa Nyambura, wakajua ni posa. Walikuja na makoti ya kanisa. Kuku alichinjwa na Mwalimu mwenyewe, ili aweze kula bila wasiwasi. Tukala vizuri. Halafu shemeji mkubwa akakohoa, akasema, "Haya wageni wetu, tuambieni. Huyo kijana wenu anafanya kazi gani?"

Mwalimu akatazama mke wake. "Kijana gani, bwana? Sisi tumekuja kumuomba mama ruhusa, nimfundishe bintiye kuzamia."

Shemeji akaweka kikombe chini. "Woi! Si afadhali mngeposa!"

Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Mama Rukia alijifuta machozi na kanga.

Mimi sikucheka sana. Nilimuuliza, "Na akikosa pumzi huko chini?" Akaacha mzaha. Akasema, "Mama Nyambura, mtungi wangu una mirija miwili ya kupumulia. Mmoja wangu. Wa pili ni wa mwenzangu akiishiwa." Nikamwongezea chai. Asubuhi nikamwambia, mchukue.

Mwaka uliofuata alinialika niione ile boti kabla haijaondoka na wageni. Nikakuta Nyambura amesimama anapeana briefing ya kuzamia kwa Kiingereza, wazee wa mvi wanamsikiliza kama watoto wa shule. Nikaanza kuwaambia huyo ni wangu. Mwalimu akanivuta mkono, "Sss! Mama, boss anaongea."

Hiyo stori mtaa mzima wa Skuta wanaijua. Nitairudia mpaka nizeeke.

Siku hiyo pia alinivalisha miwani ya maji, akanishika mkono, nikatia uso baharini pale pasipo na kina. Jamani! Kama shamba la mtu mwenye mbolea. Kabichi za zambarau, samaki wa manjano wanapita katikati kama kuku. Nikainua kichwa nikamwambia, "Kumbe hapa ndipo mtoto wangu anafanyia kazi?" Akasema, "Hii ni veranda tu, mama. Nyumba iko chini."

Sasa kilio changu. Aliaga asubuhi. Mimi nikaanza kupanga kama sisi hupanga. Nikaita kina mama wa kikundi, nikauliza bei ya basi, nikaagiza shada la maua. Nikaandaa na hotuba yangu, kwa sababu nilijua kwa programu nitapewa maiki. Na tungengoja Nyambura, maana alikuwa kwa trip, mbali na network.

Jioni nikapiga simu. "Mama Rukia, pole sana. Mazishi tumeweka lini?"

"Tumeshamzika, dada. Tangu alasiri."

Nikakaa chini. "Bila mimi? Bila Nyambura?"

"Kwetu maiti hawekwi, Mama Nyambura. Si kwamba tumewasahau."

Nililia, siwadanganyi. Niliona nimenyang'anywa.

Nyambura alipata network jana. Aliambiwa kwa redio ya boti, wageni wakiwa wameshavaa mitungi. "Mum, nilishuka nao. Nilihakikisha wote wamepanda, nikatoka majini wa mwisho, vile alinifundisha. Halafu nikalia kwa ngazi."

Mwalimu, umesikia?

Jumamosi nakuja na wale kina mama. Mama Rukia ameniambia hakuna programu, hakuna maiki, na makaburini wanaume ndio walienda. Tutakaa tu kwa mkeka ndani ya nyumba.

Kwa hivyo hotuba yangu nimeimalizia hapa, watu wote waisome. Asante kwa kunilelea mtoto. Nikifika kwako nitakaa kando ya mke wako, nimshike mkono, na nitanyamaza. Mimi! Wewe unanijua, unajua hakuna mtu nimewahi kumpa heshima kama hiyo.

Pumzika vyema, Mwalimu wetu.