Ushahidi wa Sisimizi

Farida aliwaona asubuhi, akisafisha choo cha uani: sisimizi, mstari mweusi kutoka ukutani hadi kwenye sinki la choo. Ufagio ukabaki mkononi. Temeke nzima inajua maana yake. Mkojo unaoita sisimizi una sukari, na mwenye mkojo huo anakula kisirisiri.

Mgonjwa wa sukari mle ndani alikuwa mmoja, mumewe Twalib, karani wa makontena Kurasini. Majuzi kliniki walimbadilishia dawa. Tangu aanze kile kidonge kipya, miguu iliyokuwa ikivimba ilinywea, ngazi za ofisini akazipanda bila kushika ukuta. Farida alishaanza kushukuru. Sasa hawa wadudu.

"Baba Naima, unakula nini huko bandarini?"

"Ulichonifungia."

"Na chapati za nani?"

"Wallahi sijala kitu."

"Usimwapie Mungu kwa ajili ya chapati! Sisimizi hawana ugomvi na wewe, wakusingizie kwa lipi?"

Jirani yao Hija, aliyekuwa akianika nguo, alicheka hadi kibanio kikamponyoka. "Shemeji, umeuzwa na wadudu!" Kufika jioni, mtaa mzima ulikuwa ukimwita Bwana Chapati.

Farida akakaza kamba. Wali akaufuta, ugali akaufuta, hata ndizi akazificha. Twalib alipomkumbusha kwamba kliniki walimkataza kukaa na njaa, Farida alimcheka: "Ulivyopenda kula wewe!" Sisimizi hawakuondoka, naye akazidi kupunguza. Mwisho Twalib akachoka kubishana. "Haya, nilikula. Nisamehe." Farida akalala na ushindi wake. Kidonge, lakini, alimpa kwa mkono wake mwenyewe kila asubuhi.

Siku Twalib alipoanza kutapika na kuhema kama aliyekimbizwa, Farida alimpima sukari. Kipimo kikasoma vizuri. "Umeona? Ukijizuia inashuka." Akamwacha apumzike. Aliporudi na maji na kumwita, mumewe alimtazama bila kumjibu, na ndipo Farida akapiga kelele kuomba bajaji.

Hospitali, Daktari Felicitas aliuliza mgonjwa anakula nini. Farida alieleza, tena kwa fahari kidogo. Daktari akaweka kalamu chini.

"Mama, dawa hii inaitoa sukari kwa njia ya mkojo. Sisimizi walikuja kwa sababu dawa ilikuwa inafanya kazi. Lakini mtu akiimeza huku hali chakula, damu inaweza kujaa asidi, na kipimo cha nyumbani kikaonyesha sukari nzuri tu. Asiyekula au anayetapika anaisimamisha, anakuja haraka."

"Mume wangu... atapona?"

"Tumemuwahi. Ila dawa hiyo hatumrudishii."

Twalib akapona, akarudi nyumbani na vidonge vingine. Choo kikawa safi, hata sisimizi mmoja hakuonekana. Miguu nayo ikaanza kuvimba tena. Farida aliikanda jioni, kidole chake kikiacha shimo kwenye nyama, akatamani kuuona ule mstari mweusi.

"Bwana Chapati karudi!" Hija akaita kutoka ng'ambo ya ukuta.

"Hakula, Hija," Farida akasema kwa sauti ya kusikika mtaani. "Nilimsingizia mie."

Kisha akaandaa wali na samaki, akamsogezea mumewe sahani. Twalib alinawa, akanyoosha mkono, kisha akausimamisha hewani, akamtazama mkewe usoni.

"Mama Naima, nile?"