Siku Babu Yako Aliposhindwa Kusimamisha Baiskeli

Mwanangu, ipo siku moja ambayo kila ikinijia nacheka peke yangu, hata kwenye foleni ya benki, mpaka watu wananigeukia. Nimeona nikusimulie, maana jana ulinipigia simu mara mbili kuniuliza uchague gia ipi na uvae nini Jumamosi utakapoanza mazoezi ya baiskeli pale Izia. Nakuita mwanangu kwa haki ya ukoo. Mama yako Dafrosa ni dada yangu, mimi ni mama yako mdogo, na uchache wa miaka niliyokuzidi haubadilishi kitu. Kwa hiyo tulia, unisikilize kama mtu anavyomsikiliza mkubwa wake.

Wakati ule nilikuwa nimemaliza chuo na kurudi nyumbani Malangali, kazi sina. Nilikuwa mtu wa kuwaza. Nikitumwa chumvi, nawaza kwanza niende duka la juu au la chini, na nikishafika la juu naanza kulijutia la chini. Mahali pekee ambapo kichwa changu kilinyamaza ni kwenye ile njia ya nyasi iliyochorwa kwa chokaa kuzunguka uwanja wa Izia. Ukiwa kwenye kona, baiskeli imeinama, mbele yako kuna mgongo wa mwenzako, huna nafasi ya kuwaza barua ya maombi ya kazi.

Mwalimu wetu alikuwa Bi Zuhura, huyo huyo utakayemkuta. Ndugu zake wana maduka na malori mjini, lakini yeye alifundisha michezo shuleni mpaka akastaafu, na baiskeli zile ni zake. Zitakushangaza. Hazina breki, na pedali zimefungana na tairi la nyuma. Tairi likizunguka, miguu inazunguka, utake usitake.

Babu yako hakuelewa hata kidogo. Kwake baiskeli ni ya kubebea gunia.

"Mnakwenda wapi na hizo baiskeli?" aliniuliza tukiwa shambani.

"Hatuendi mahali, Baba. Tunazunguka."

Aliegemea jembe. "Nimesomesha mtoto ili azunguke." Kisha akasema ameshaongea na kaka yake aliyeko Mpanda, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na kwamba pale kuna nafasi yangu. "Jumamosi nitakuja nione kwa macho yangu. Nikiona mnachezea muda tu, Jumatatu unapanda basi."

Mwanangu, wiki ile sikulala vizuri. Sikutaka kwenda Mpanda. Nilijiambia kwamba nikimwonyesha babu yako mwendo wa kweli, ataniacha. Basi nikaingia kwenye simu kutafuta wanaoshinda duniani wanatumia gia gani, nikakuta nzito kupindukia: ya mbele kubwa kama sahani ya pilau, ya nyuma ndogo kama kifuniko cha chupa. Nikasema hiyo hiyo. Nikaazima kwa Hamisi, mpwa wa Bi Zuhura aliyekuwa na kasi kuliko sote, vile viatu vyake vinavyonasa kwenye pedali. Na kwa kuwa ilikuwa mwezi wa saba, na unajua baridi yetu ya asubuhi, nikavaa koti la mama yako la kijani na skafu juu yake.

Bi Zuhura alikuwa amekaa kwenye kreti la soda, chupa ya chai pembeni. Aliona gia niliyoifunga. Hakusema kitu. Baadaye nilimuuliza kwa nini alinyamaza, akajibu kwamba mtu aliyewaza wiki nzima hasikii neno la dakika moja.

Babu yako alifika akisukuma baiskeli yake, gunia la ulezi nyuma, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Wakasalimiana na Bi Zuhura kwa heshima zote, akasimama kwenye kona ya karibu, mikono nyuma.

Hamisi alinishikilia siti, viatu vikanasa, akaniachia. Nikakanyaga. Baiskeli haikuondoka. Nikakanyaga kwa nguvu zangu zote, ikasogea kama ng'ombe aliyeamshwa. Nyasi zilikuwa na umande, upepo unakuja usoni, koti likajaa hewa. Nilikuwa nakwenda polepole kiasi kwamba babu yako angeweza kunipita kwa miguu na gunia lake. Kwenye kona mwendo uliisha kabisa. Nilitaka kuweka mguu chini, kiatu kikakataa kutoka, nikaegemea upande taratibu mbele ya macho yake mpaka nikalala kwenye nyasi, miguu bado imo kwenye pedali.

"Dada Oresta," Hamisi aliita kutoka mbali, "baiskeli imechoka au wewe ndiye umeilaza?"

Uwanja mzima ulicheka. Babu yako hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma.

Bi Zuhura alikuja na kikombe chake mkononi, akainama. "Gia hii umemchagulia nani?"

"Nimejichagulia, Bi Zuhura."

"Hapana. Umemchagulia baba yako aliyesimama pale. Miguu yako hukuiuliza." Akanywa chai kidogo. "Na hilo koti umemvalia nani, upepo? Vua. Skafu vua kabla cheni haijaila. Viatu mrudishie mwenyewe. Unataka mzee akuone unaendesha, au aone vyuma?"

Nikavua. Nikavaa raba zangu bapa, nikachomeka kamba ndani ili zisining'inie. Bi Zuhura mwenyewe akanifungia gia ya wanaoanza: meno arobaini na sita mbele, kumi na nane nyuma. Kofia ngumu akaishusha mpaka vidole viwili juu ya nyusi. Akakaza nati za tairi la nyuma, akaubonyeza mnyororo kuona haujalegea sana wala haujakazwa sana, akanipiga begani. "Nenda."

Nikakanyaga, ikaondoka. Mwanangu, iliondoka kama vile ilikuwa inanisubiri. Kwenye upande wa upepo miguu ilipungua kasi kidogo lakini haikukwama, na nilipogeuka upepo ukiwa mgongoni ikazunguka mpaka nikaanza kurukaruka kwenye siti na kucheka kwa sauti. Sikumpita mtu. Nilizunguka tu, kichwa kimenyamaza, na nilipomkumbuka babu yako nilikuwa nimeshampita mara kadhaa.

Nilipunguza mwendo, nikashuka. Alikuwa anaitazama baiskeli, si mimi.

"Kitu gani cha kufundishwa hapo?" akasema. "Mimi nimepanda na kushuka mlima wa Ilemba na magunia kabla hujazaliwa. Nipe."

"Baba, hii si kama ya kwako."

"Ina tairi mbili?"

"Ndiyo."

"Nipe."

Bi Zuhura alitabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Akamvua kofia yake, akamvika ile ngumu, akamfunga suruali kifundoni kwa kipande cha mpira wa tyubu ili isiliwe na mnyororo, akamshushia siti. "Jambo moja, Baba Dafrosa," akamwambia. "Usiache kukanyaga."

Babu yako aliondoka vizuri, kifua mbele. Alipomaliza mzunguko alitaka kufanya alivyozoea maisha yake yote, kutuliza miguu baiskeli ijiendee. Pedali zikamnyanyua kwenye siti. Akashika usukani kwa nguvu na kuendelea, macho yamemtoka.

"Oresta!" Hilo lilisikika mpaka barabarani. "Hii inasimamaje?"

Watu wote walianza kumpigia kelele, kila mmoja na ushauri wake. Mimi nilichukua baiskeli ya Hamisi nikamfuata, nikakaa pembeni yake.

"Baba, nitazame miguu. Usiigomee pedali. Izuie kidogo kila inapopanda, kama unavyomzuia ndama kwa kamba."

"Nimezuia."

"Polepole zaidi. Tuna uwanja mzima. Usitazame chini, tazama kona."

Tulizunguka hivyo tukiwa wawili, mimi nikiongea, yeye akinitii, jambo ambalo halijawahi kutokea nyumbani kwetu. Mwendo ukapungua, ukapungua, mpaka Hamisi akamshika siti na yeye akaweka mguu chini. Alikuwa anahema. Kisha akaanza kucheka, kicheko kile chake kinachoanzia tumboni, akacheka mpaka akaketi kwenye nyasi.

Bi Zuhura alimpelekea chai. "Umeonaje, mzee?"

"Huyu anafundisha," babu yako akasema, akininyooshea kikombe. "Nilikuwa nakufa, akanifundisha."

"Basi kuanzia Jumamosi ijayo wanaoanza nitampa yeye."

Jumatatu sikupanda basi. Babu yako alimpigia kaka yake simu, nikamsikia akisema nimepata shughuli Izia.

Sasa, mwanangu, uliyoniuliza. Chagua gia nyepesi, ile unayoweza kuondoka nayo ukiwa umesimama kabisa bila kujinyonganyonga. Ikiwa miguu inazunguka haraka mpaka unaruka kwenye siti, hilo si kosa la gia, ni somo, utajifunza kutulia. Kaa na gia hiyo hiyo wiki nyingi; ukiibadilisha kila Jumamosi hutajua kilichobadilika ni gia au ni wewe. Siti ipande kiasi cha mguu kunyooka ukiweka kisigino kwenye pedali iliyo chini. Nati na mnyororo vikague mwenyewe kila mara, hata kama mwenzako amesema ameshakagua. Raba bapa zinatosha, kamba ndani. Glavu chukua, kwa kuwa anayeanguka hutanguliza mikono. Koti uvae ukija, ulivue kabla ya kupanda, ulivae tena ukishuka. Na usiache kukanyaga. Mengine yote unayoyawaza usiku huu yatakuja yenyewe, au hayatakuja, na utaendesha vilevile.

Mungu akutangulie katika kila kona. Miguu yako iwe myepesi, upepo wa Ufipa usikuonee, na siku utakapoanguka nyasi zikupokee kwa upole na watakaocheka wawe wanaokupenda. Babu yako amesema atakuja Jumamosi. Kile kipande cha mpira ameshakitia mfukoni, kwa hiyo wahi kuchukua baiskeli.